Flaya wa miaka 12 anataka ustaa wa Insta: jibu kwa mama wa Texas

Swali: "Shikamoo dada kocha. Tunaishi Texas mwaka wa tisa sasa, binti yangu ana miaka 12, yuko jimu ya chia (cheerleading) msimu wa tatu na ni flaya, yule anayeinuliwa juu na wenzake. Mwezi uliopita jimu iliposti kipande chake akiwa juu kikaangaliwa sana, tangu hapo haongei kingine, anataka akaunti yake ya Instagram iwe wazi kama za wenzake. Kuna kampuni ya nguo za mazoezi imemtafuta awe 'balozi' wao. Jimu nayo imetupa fomu ya mitandao tusaini. Baba yake hataki hata kusikia, mdogo wangu Dar kila video anaitupia status, mi nimekaa katikati sijui nishike wapi. Huu umaarufu una faida kwa mtoto au ndo kumharibu? Mama Flaya, Texas."

Marahaba mama Flaya, na pole, ila hapo katikati hauko peke yako, tumejaa. Mi nimefundisha watoto chia miaka 11, nilianza na tambling (sarakasi za mkekani) nikaja stanti (kuinuana juu), na miaka ya karibuni kazi yangu imekuwa zaidi kukaa na wazazi kwenye viti vya pembeni kuliko kukaa mkekani, manake simu iliingia jimu na haikutoka tena.

Kwanza niwaweke sawa wasomaji wa nyumbani wanaodhani chia ni wale dada wa pom-pom pembeni ya uwanja. Hii ya mtoto wa mama Flaya ni ol-sta, yani timu za jimu binafsi zinazoshindana zenyewe kwa zenyewe, hakuna mpira wala timu wanayoishangilia. Wanapanda mkekani kwa dakika mbili na nusu, ndani ya hizo kuna tambling, piramidi, kurushana na densi, wanashuka, basi, mwaka mzima wa mazoezi na maelfu ya dola za mzazi zimeishia hapo. Mashindano yao ya dunia yanafanyika Orlando kule Disney tangu 2004, na sisi wa Texas tuna ya NCA, chama cha chia cha Marekani, pale Dallas ambayo ukiingia ukumbini unaona maribon kichwani mpaka macho yanauma. Flaya ndo anayesimama juu. Chini yake kuna besi wawili wameshika nyayo zake, na wa nyuma anayeshika vifundo na ndo wa kwanza kumdaka shingo na mabega akianguka.

Sasa mama, kabla ya kuongelea Instagram naomba uangalie kitu kimoja kwenye huu mchezo ambacho wazazi wengi kinawapita. Hauna nyota. Majaji wanatoa pointi kwa timu nzima, mtangazaji anaita jina la timu, hakuna mfungaji bora, hakuna medali ya mtu mmoja, sare zinafanana, nywele zinafanana, ata lipstiki ni moja na ukikosea rangi unarudishwa chooni kufuta. Binti yako anaweza kuwa flaya bora wa jimbo zima na akatoka ukumbini bila mtu yeyote kuliita jina lake. Na ndivyo ulivyozaliwa mchezo wenyewe, maana mwaka 1898 kule chuo kikuu cha Minnesota kijana mmoja Johnny Campbell alisimama mbele ya mashabiki akawaongoza kupiga kelele kwa ajili ya timu ya futboli ya Kimarekani, yani kazi yote ilikuwa kutaja majina ya watu wengine.

Sehemu pekee ambayo flaya anaitwa kwa jina lake ni kwenye simu. Kule kwenye komenti ndo anasoma "jamani huyu nani, mguu umenyooka hivo!" Kwa hiyo mtoto akikwambia anataka akaunti iwe wazi usikimbilie kumwambia anaringa au kaiga wazungu. Ana njaa ya kutambulika na mchezo alioupenda haumlishi hicho kitu. Mi naona tukianzia hapo hata na baba yake mtaongea bila kugombana, sababu yeye anajibu swali la hatari (na kwenye hatari hajakosea, nitafika) na mtoto anauliza swali lingine kabisa.

Huu ustaa wenyewe si wa jana. Ulianza YouTube miaka ya 2010 hivi, watoto wa jimu kubwa wakawa wanajulikana kwa majina nchi nzima na wasichana wadogo wakawa wanaiga mpaka namna ya kufunga ribon. Anayejulikana zaidi ni Gabi Butler, alikuwa staa wa mtandaoni tangu akiwa mdogo, miaka mingi kabla Netflix haijatoa ile series ya Cheer Januari 2020 kuhusu timu ya chia ya chuo cha Navarro pale Corsicana, mwendo wa saa moja tu kutoka Dallas. Baada ya hiyo series ndo kukawa hakushikiki. Vijana waliokuwa wanajulikana na watu wa chia peke yao wakaamka na mafolowa kwa malaki, na watoto wetu huku chini wakaona kumbe njia ipo.

Ila ustaa wa chia haufanani na wa mwanamuziki, na hapa ndo penye utamu na uchungu wake. Mwanamuziki anaishi mbali na mashabiki. Staa wa chia ana miaka 13, shabiki wake ana miaka 11, na wote wanapasha misuli kwenye ukumbi mmoja Jumamosi saa moja asubuhi. Nakumbuka mashindano fulani Dallas, kulikuwa na msichana mmoja ana mafolowa wengi sana, watoto wamepanga foleni mpaka karibu na mlango wa choo kupiga naye selfi, anatabasamu kwa kila mmoja, meno yaleyale, kichwa kinainama upande uleule, we unaona kabisa hilo tabasamu limefanyiwa mazoezi kama bak-handspring, ile sarakasi ya kujirusha kinyumenyume kwa mikono. Pembeni yake wamesimama besi wake wawili, mmoja kashika chupa tatu za maji, mwingine kashika begi lake yule staa. Mtoto mmoja kwenye foleni akamgeukia yule mwenye begi akamwambia "samahani, unaweza kutupiga picha?" Akapokea simu akawapiga. Dakika ishirini baadaye huyo huyo ndo aliyekuwa ameshika mguu wa staa juu ya kichwa chake.

Sijawahi kuisahau hiyo, sababu stanti inakaa juu kwa kuaminiana. Ukiangalia hizi video zinazotrendi utaona zimekatwa kuanzia kiunoni kwa flaya kwenda juu, au kama wamekuwa na huruma basi zimebaki zile nyayo na vidole nane vya watu wasio na sura. Besi anajiona amekatwa, anaona laiki elfu kumi na hakuna hata moja yake, hasemi kitu, ila mazoezini unaanza kuona mikono inachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde kwenye stanti ni kubwa.

Na mi mwenyewe nina kosa langu hapa. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na kikundi kizuri sana, flaya akaomba nirekodi akishuka na mzunguko, ya kwanza haikutoka vizuri kwa sababu mtu alipita nyuma, ya pili ribon ilimfunika uso, nikasema haya ya tatu halafu tuondoke. Ilikuwa saa tatu kasoro usiku, besi wamechoka, jioni nzima tulishamaliza mazoezi tunafanya sasa kwa ajili ya simu tu. Flaya akazunguka huku macho yanatafuta kamera badala ya kutazama alipofundishwa, kiwiko kikatua kwenye pua ya besi. Damu mpaka kwenye mkeka. Pua ilipona, ila yule besi hakurudi msimu uliofuata, na mama yake aliniuliza swali moja tu, "mlikuwa mnafanyia nini hiyo ya tatu?" sikuwa na jibu. Toka siku hiyo kwangu stanti inarekodiwa ikiwa ndani ya mazoezi, mara moja, ikiharibika imeharibika.

Kingine ambacho sijui kama kuna aliyekwambia mama: flaya wa miaka 12 mara nyingi ni besi wa miaka 14. Watoto wanakua! Akiongezeka kimo na uzito kama Mungu alivyopanga kocha anamshusha chini, ni kawaida kabisa, wengi wanakuja kuwa besi wazuri kweli. Sasa mtoto ambaye jina lake lote limejengwa kwenye picha za juu akishushwa anaona kafa. Nimeona wasichana wanaanza kuruka chakula cha mchana shuleni ili wabaki wepesi, mzazi anadhani ni mambo ya ujana. Ukiona anasogeza ugali pembeni na kuuliza kilo za wenzake, hilo limeshavuka mambo ya akaunti, mpeleke kwa daktari wake wa watoto na uongee na kocha wiki hiyohiyo, usisubiri msimu uishe.

Haya, hatari ya baba yake. Kwenye series ya Cheer aliyependwa kuliko wote alikuwa kijana Jerry Harris, na unajua alipendwa kwa nini? Kwa kupiga kelele za kuwatia moyo wenzake akiwa nje ya mkeka. Septemba 2020 alikamatwa, Februari 2022 akakiri makosa yanayohusu watoto, na Julai 2022 mahakama ya Chicago ikamfunga miaka 12. Alikuwa anawaomba watoto picha kupitia mitandao, na baadhi yao walikuwa watoto wa chia haohao, wengine amekutana nao kwenye mashindano. Sisemi hivi kukutisha usilale. Nasema kwa sababu wazazi wengi wanamsubiri mzee wa ajabu asiye na picha kwenye profaili, kumbe anayeingia inboksi anaweza kuwa ndo yule ambaye mtoto amebandika picha yake ukutani, na akijibiwa na staa mtoto anaona bahati imemwangukia, hawezi kukwambia.

Wale wa ajabu nao wapo wengi. Mwaka 2024 gazeti la New York Times lilichunguza maelfu ya akaunti za watoto wa kike zinazoendeshwa na mama zao, zile zilizoandikwa juu kabisa kwamba mama ndo msimamizi, na kwenye baadhi ya zile kubwa wafuasi wengi walikuwa wanaume wazima. Kuna jaribio rahisi: tafuta mama mwenzio kwenye jimu ambaye akaunti ya mwanae iko wazi na imewekwa kibiashara, mwombe akufungulie ule ukurasa unaoonesha wanaomfuata ni wa umri gani, jinsia gani, wako miji gani. Mtoto wa kike wa 12 anayeruka Texas tungetegemea anafuatwa na wasichana wa umri wake wa Texas na Florida. Mkikuta wanaume wa miaka 35 mpaka 44 ndo wengi, hapo hamtahitaji mshauri. Nilishakaa na mama mmoja tukafungua pamoja, alinyamaza, akainuka akaenda kunawa uso.

Kwa sheria za Instagram na TikTok zenyewe mtoto wako hajafika, wanataka 13, chini ya hapo akaunti ya Instagram inatakiwa isimamiwe na mzazi na iseme hivyo waziwazi. Na hata akifika 13 wenyewe siku hizi wanaanza kumfungia. Instagram akaunti za vijana zinakuwa za faragha zenyewe, akiwa chini ya 16 hawezi kufungua bila ruhusa ya mzazi, na TikTok chini ya 16 hana inboksi kabisa. Kwa hiyo ukikataa kufungua leo huna haja ya kujiona mshamba.

Sasa hao wa "balozi". Mnh. Nisome kati ya mistari kwa ajili yako, manake hizo meseji nimeonyeshwa nyingi zinafanana kama pacha. Wanamsifia, halafu wanamwambia amechaguliwa, halafu atapewa punguzo kwenye nguo zao, halafu anapewa neno lake la wateja kutaja wakati wa kununua. Piga hesabu taratibu. Tuseme seti ya mazoezi ni dola 70 wewe unapunguziwa 20, unalipa 50. Ili apate picha mpya kila wiki mbili anahitaji seti mpya, kwa miezi mitatu umelipa dola 300, umewapa mpigapicha (wewe), mwanamitindo (mtoto) na tangazo, na umelipia. Huyo si balozi, huyo ni mteja anayefanya kazi. Zipo kampuni zinazolipa kweli, lakini zinazolipa zinamwandikia mzazi, zinatuma mkataba, na hazina haraka ya kujibiwa leo kabla ya saa sita usiku.

Na zikitokea za kulipa kweli basi hela ni za mtoto. Illinois imekuwa jimbo la kwanza kuweka hilo kwenye sheria, tangu Julai 2024 mzazi anayetengeneza hela kwa video za mtoto wa chini ya 16 anatakiwa kumwekea fungu lake pembeni, California nayo ikaja na yake 2025. Hata kama sheria hizo hazikugusi ulipo, wazo lake zuri, fungua akaunti ya benki ya jina lake kabla ya senti ya kwanza haijaingia, manake ikishalipia ada ya jimu mara moja haitatoka tena humo.

Fomu ya jimu isome yote, hasa chini. Wazazi wengi hapa wanachanganya jimu na shule. Kuna kesi maarufu ya chialida wa Pennsylvania aliyekosa nafasi timu ya wakubwa, akaposti matusi Snapchat wikiendi akiwa dukani, shule ikamsimamisha kwenye timu mwaka mzima, na Juni 2021 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikampa ushindi majaji 8 kwa 1. Watu wakasherehekea wakadhani mtoto wa chia anaweza kuposti anachotaka. Hapana, ile ilikuwa shule ya serikali ndo maana katiba iliingia. Jimu yako ni biashara binafsi, mmekubaliana kwa karatasi, ukisaini kwamba wanaweza kumtoa kwa posti basi wanaweza. Ningekuwa wewe ningeuliza mambo mawili kwa maandishi: video zao za mwanangu wataziandika kwa jina lake kamili au la kwanza tu, na nikiomba iondolewe inaondolewa baada ya muda gani. Kocha mzuri atakujibu siku hiyohiyo. Akikuzungusha nalo ni jibu.

Kwa hiyo nimruhusu au nisimruhusu, ndo umeuliza. Mi kwa umri huo ningesema akaunti iwepo lakini iwe ya faragha, iko kwenye simu yako, na watu wanaoingia mnawajua kwa sura, timu yake, binamu, rafiki wa shule. Inaonekana ndogo lakini watu 60 wanaokujua wakikuandikia "hongera" mtoto anashiba kuliko unavyodhani. Video za kunyoosha miguu na za kupasha misuli zisipandishwe kabisa, hizo ndo zinazotafutwa na wale nisiotaka kuwataja tena. Za mashindano zipandishwe mkisharudi nyumbani, sio mkiwa hotelini. Na stanti ichukuliwe nzima kuanzia mkekani, besi waonekane sura na waandikwe majina ya kwanza kama mama zao wameridhia, mtoto wako mwenyewe awe anaandika hayo majina kwa mkono wake. Hii ya mwisho ukiisimamia utaona mazoezini inarudi na faida, wale besi watamshika kama yai.

Halafu ile njaa itafutiwe chakula kingine. Ongea na kocha apewe kazi na timu ya vidogo, wale wa miaka mitano sita, Jumamosi nusu saa, awafundishe kusimama na kubana tumbo. Vitoto vile havina simu, vinamwita kwa jina lake mpaka sauti zinakauka, vinamkimbilia mlangoni. Nimewapeleka wasichana wengi huko na karibu wote walipunguza kelele za akaunti wenyewe, si wote, mmoja alitumia vitoto kama mandhari ya video zake nikamrudisha kwenye benchi.

Baba yake mwite aje aangalie mazoezi yote, si mashindano, mazoezi, akae saa mbili. Wababa wengi wanaokataa hawajawahi kuona kazi iliyoko chini ya ile sare fupi wanayoilalamikia. Akishaona anaanza kuuliza maswali ya goti na kifundo, anasahau sketi.

Mdogo wako wa Dar mpigie leo. Najua ni mapenzi, anajivunia mtoto wa dada yake, lakini status yake inaonwa na watu mia mbili mpaka fundi wa gesi, na mmoja akiipakua imeshatoka mikononi mwenu. Mwambie afute zile za nyuma pia, na uangalie hasa ile yoyote yenye ukuta wa jimu wenye jina au begi lenye jina la mtoto lililodariziwa mgongoni. Bibi yake mtumieni moja kwa moja, na asiishie kuandika komenti, apige simu amwambie mjukuu alichokiona. Ukipata majibu ya kocha kuhusu ile fomu niandikie, hicho kipengele cha kumtoa mtoto kwa posti nataka kukiona walivyokiandika.